Kusomea Ushauri wa Uraibu kwa Simu: Hii Kitu Haikuanza Juzi

Kuna cheti kiko kwa droo ya mamangu, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kina muhuri wa dhahabu, jina langu limeandikwa kwa herufi za kujipinda, na chini kinasema mimi ni mshauri wa uraibu aliyehitimu. Nilikipata kwa siku 19, nikiwa nimelala kitandani na simu. Kiligharimu shilingi 18,000, na hizo pesa zilikuwa zamu ya mamangu ya chama.

Hakijawahi kunifungulia hata mlango mmoja.

Nilikipeleka kwa kituo kimoja hapa Mombasa, nikitaka kujitolea tu, hata bila mshahara. Mama aliyenipokea alikisoma chote, akakiweka mezani polepole, akaniuliza swali moja: "Mwanangu, ni nani alikuwa anakusikiliza ukiongea na mgonjwa?"

Nikamwambia kozi ilikuwa ya mtandaoni.

"Sijauliza ilikuwa wapi," akasema. "Nimeuliza nani alikusikiliza."

Nilitoka hapo nimekasirika, wacha niwe mkweli. Nikaona ni wale watu wazima wanaodhani kitu cha simu si kitu. Lakini lile swali lilikataa kutoka kichwani, na ndilo limenifanya nianze kuchimba historia ya hii kazi. Nilichokuta kimenibadilisha mawazo mara mbili, na ndiyo maana naandika.

Kwanza ujue kwa nini naijali. Kaka yangu mkubwa alivuta unga miaka tisa. Nilimjua akiwa na arosto kabla sijajua neno lenyewe: jasho, kutapika, kujikunyata kwenye mkeka mchana wa jua kali akisema anaskia baridi. Leo kila asubuhi anaenda kliniki, anakunywa kikombe chake cha methadoni mbele ya muuguzi, halafu anaenda kazini karakana. Watu wa mtaa bado wanamuita teja. Mimi nataka kuwa yule mtu ambaye familia yetu haikuwa naye miaka hiyo tisa. Sasa nikisema kuhusu kusomea ushauri wa uraibu, sizungumzi kazi ya kujaribu tu juu ajira ni ngumu.

Mtaani kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema ushauri hausomewi kwa simu, ni kazi ya ana kwa ana. Ya pili inasema masomo yenyewe ni ya nini, mtu aliyepitia uraibu ndiye anajua, wengine wote ni vitabu. Historia inaonyesha kila kambi imeshika nusu ya ukweli, na imekuwa hivyo kwa karibu miaka 200.

Twende 1840.

Mwaka huo Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, barua ikafika popote nchini kwa bei ambayo hata mtu wa kawaida angeweza. Mwalimu mmoja wa hati mkato, Isaac Pitman, alikuwa anaishi mji wa Bath. Akaona nafasi. Akachapisha masomo yake kwenye kadi, akawa anayatuma kwa posta. Mwanafunzi anafanya zoezi, anarudisha, Pitman anasahihisha, anatuma tena. Watu wengi wanaoandika historia ya masomo ya mbali wanaanzia hapo. Angalia vizuri lakini alichokuwa anafanya. Kutuma kadi ni kitu mchapishaji yeyote angefanya. Kilichofanya ile iwe shule ni kwamba zoezi lilirudi na likakutana na jicho la mwalimu. Hata kwa peni moja, kulikuwa na mtu upande wa pili.

Mwaka huohuo wa 1840, mwezi wa Aprili, upande mwingine wa bahari, wanaume sita wa Baltimore, Marekani, waliokuwa wakinywa pamoja kwenye baa moja, waliamua kuacha pombe kwa pamoja. Wakaanzisha chama wakakiita kwa jina la George Washington. Kabla yao, mikutano ya kupinga pombe ilikuwa ya wahubiri na matajiri wakiwasema walevi. Hawa sita walibadilisha kipaza sauti. Mlevi mwenyewe ndiye alisimama, akasimulia alivyozama na alivyotoka, kisha akamshika mkono mwingine aliyekuwa bado anazama.

Moto uliwaka nchi nzima. Ndani ya miaka michache mamia ya maelfu walikuwa wametia sahihi kiapo cha kuacha pombe. Na ndani ya miaka michache mingine, chama kilikuwa kimezimika karibu kabisa. Kiliingizwa kwenye siasa za kupiga marufuku pombe, kikakosa muundo, na mtu akishatia sahihi usiku wa mkutano hakukuwa na mpango thabiti wa kumshika Jumatatu asubuhi. Hisia zilikuwa nyingi, mfumo haukuwepo.

Kwa hivyo mwaka mmoja ulizaa vitu viwili: masomo yanayosafiri, na mtu aliyepitia anayemsaidia anayepitia. Havikujuana. Mimi nasema kazi ninayotaka kufanya ni mtoto wa hao wawili, na kila mara watu walipojaribu kumlea na mzazi mmoja tu, aliumwa.

Masomo ya mbali yaliendelea kivyake. Mwaka wa 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake ya shahada bila kukanyaga darasa. Nelson Mandela, akiwa mfungwa Robben Island, alisomea sheria kwa chuo hichohicho kwa njia ya posta. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema masomo ya mbali ni ya wavivu, muulize kama anamjua yule mfungwa.

Na usidhani haya mambo yalitufikia sisi na intaneti. Mwaka wa 1967 chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa njia ya posta kule Kikuyu, na masomo mengine yakipita kwenye redio. Walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na vyeti vya kutosha walisoma usiku, wakatuma kazi zao, wakapanda daraja. Yaani inawezekana babu yako alifundishwa hesabu na mwalimu aliyesoma kwa bahasha na redio ya betri. Miaka 30 baadaye, mwaka wa 1997, ukaanza mradi wa Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni chini ya Benki ya Dunia, na mwaka wa 2002 makao yake yakahamia Nairobi. Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikatua hapa Mombasa. Mwaka wa 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikapata hati yake.

Sasa turudi kwa mzazi wa pili, juu huku ndiko kuna mambo.

Mwaka wa 1906, kanisa moja la Boston lilianza kliniki ambapo kasisi na madaktari walishirikiana kusaidia watu wenye shida za akili na pombe. Mwaka wa 1911 akaja mtu anaitwa Courtenay Baylor, akitafuta usaidizi kwa unywaji wake. Akapona. Kisha kanisa likafanya kitu ambacho hakikuwa cha kawaida: likamuajiri. Hakuwa daktari wala kasisi. Alikuwa mtu aliyekuwa mlevi, na sasa analipwa kukaa na walevi. Wengi humtaja kama mshauri wa kwanza wa uraibu mwenye historia hiyo kulipwa mshahara Marekani. Mwaka wa 1919 alichapisha kitabu kuhusu njia zake. Yaani hakuishia kusema "mimi nilipitia." Alikaa chini akaandika anafanya nini na kwa nini, ili mwingine aweze kujifunza.

Mwaka wa 1935 ndio ile hadithi maarufu. Bill Wilson, mtu wa biashara kutoka New York, alikuwa mji wa Akron, Ohio. Dili lake limeanguka, hana pesa, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli akisikia kelele za baa. Alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Badala ya kuingia baa, akashika simu ya hoteli akaanza kupigia makanisa, akitafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari mpasuaji anaitwa Bob Smith, ambaye alikubali kumpa dakika 15. Wakaongea masaa. Ndiyo mwanzo wa Alcoholics Anonymous, AA, ambayo iko hadi hapa Kenya.

Kumbuka alitumia simu. Simu haikumponya, ilimfikisha tu kwa mtu.

Mwaka uliofuata, hospitali moja ya New York iliyokuwa ikitibu walevi ilimpa Bill nafasi ya kuwa mshauri wa kulipwa. Alikuwa amefilisika, mkewe ndiye alikuwa anabeba nyumba. Akaenda kuwaambia wenzake kwa furaha. Wakamkatalia. Wakamwambia hii kitu ikiwa ya mshahara itaharibika. Akaikataa ile kazi.

Mimi nilipofika hapo nilisimama kidogo. Kwani walikuwa sawa? Kwa sababu kama walikuwa sawa, basi mimi sina haki ya kutaka kulipwa kwa kusaidia watu kama kaka yangu.

Lakini hebu ona kilichofuata. Mwaka wa 1939 walichapisha kitabu chao. Machi 1941 gazeti kubwa la Marekani, Saturday Evening Post, likaandika habari yao, na barua zikamiminika ofisini kwao. Watu wa miji ambayo haikuwa na hata kundi moja walitumiwa kitabu na barua, wakaanza makundi yao wenyewe. Mwaka huo idadi ya wanachama ilipanda kutoka kama 2,000 hadi kama 8,000. Yaani wale watu wa ana kwa ana kabisa walienea kwa posta! Lakini barua ilikuwa ya kuanzisha. Ikishafika, watu walikaa kwenye viti, wakatazamana.

Halafu mwaka wa 1954, jimbo la Minnesota likajibu lile swali la mshahara kwa njia nyingine. Hospitali ya serikali ya Willmar ilikuwa na daktari Nelson Bradley na mwanasaikolojia Dan Anderson. Walitaka watu waliopona wawe wafanyakazi kamili, wakikaa meza moja na madaktari na wauguzi. Ikabidi jimbo liunde cheo kipya katika utumishi wa umma: mshauri wa ulevi. Si wasomi wote waliofurahia, na unaweza kuelewa: mtu umesoma miaka mingi, halafu unaambiwa mwenzako mezani sifa yake kubwa ni kwamba alikuwa mlevi na sasa hanywi. Lakini ule mchanganyiko wa daktari, mwanasaikolojia na aliyepona ulienea dunia nzima, na vituo vingi vya kurekebisha tabia unavyoviona hapa Kenya vimerithi sehemu yake.

Kama unafikiri hapo ndipo kambi ya "aliyepitia ndiye anajua" inashinda, ngoja nikupeleke California, mwaka wa 1958. Chuck Dederich, mlevi aliyepona kupitia AA, alianzisha jumuiya inaitwa Synanon kwa watumiaji wa heroini. Hakukuwa na madaktari, ni waliopitia tu wakiwatibu wanaopitia. Mwanzoni ilisifiwa kila mahali. Silaha yao kuu ilikuwa mchezo wa kukaa kwenye duara na kumshambulia mtu mmoja kwa maneno, matusi, kelele, mpaka avunjike. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumuuliza Dederich swali. Miaka ikaenda, jumuiya ikageuka kuwa kama dhehebu la mtu mmoja. Mwaka wa 1978 wakili mmoja aliyekuwa amewashinda kortini alitia mkono kwenye sanduku lake la barua, akaumwa na nyoka mwenye sumu. Waliomweka walikuwa watu wa Synanon. Wakili aliokoka.

Hiyo ndiyo inatokea mtu aliyepitia asipokuwa na wa kumsikiliza yeye. Na usicheke Marekani. Sisi hapa tumesikia za vituo ambavyo "tiba" ni kufungiwa, kupigwa na kumwagiwa maji baridi, na anayefanya hivyo anajitetea kwamba hata yeye alifanyiwa hivyo na akapona.

Mwaka wa 1970 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya tiba ya ulevi, ikisukumwa na seneta Harold Hughes wa Iowa, ambaye mwenyewe alikuwa mlevi aliyepona. Pesa za serikali zikaingia, na pesa zikiingia, maswali yanaingia: nani anafaa kulipwa, amesoma nini, nani alimpima? Hapo ndipo vyeti vya washauri wa uraibu vilianza kuota kila jimbo.

Sasa nifike kwa sehemu iliyonimaliza kabisa. Mwaka wa 1980 mwanasaikolojia William Miller na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliotaka kupunguza pombe. Wengine walipewa kitabu cha kujisaidia wakaenda nacho nyumbani. Wengine walipewa mshauri. Kwa wastani, matokeo hayakutofautiana sana! Lakini alipoangalia mshauri mmoja mmoja, picha ikabadilika. Washauri waliojua kusikiliza kwa huruma, watu wao walifanya vizuri sana. Wale wasiojua kusikiliza, watu wao walifanya vibaya hata kuliko waliobaki nyumbani na kitabu.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mshauri mbaya ni mbaya kuliko hakuna mshauri. Na wote walikuwa wamefunzwa mbinu zilezile.

Miaka michache baadaye Miller alikuwa Norway, akifundisha wanasaikolojia vijana. Walikuwa wanaigiza mazungumzo na mgonjwa, na kila mara walimsimamisha: kwa nini umesema hilo, kwa nini si lile? Kwa kujibu ndipo aligundua kumbe ana kanuni ambazo hajawahi kuziandika. Akaziandika, zikachapishwa mwaka wa 1983, na zikawa mbinu inayofundishwa leo karibu kila kozi ya uraibu duniani: usimsukume mtu kubadilika, msaidie ajisikie mwenyewe akisema sababu zake. Hata gwiji alihitaji watu wa kumsikiliza akifanya kazi.

Na mwaka wa 2004 yeye na wenzake wakapima jambo ambalo linanihusu mimi na cheti changu moja kwa moja. Walichukua watoa tiba 140. Wengine walihudhuria mafunzo ya siku mbili basi. Wengine, baada ya mafunzo, walirekodi mazungumzo yao, wakapewa maoni, au wakapata mtu wa kuwaongoza kwa simu. Waliohudhuria tu, ujuzi mwingi uliyeyuka baada ya miezi michache. Waliosikilizwa, ujuzi ulibaki.

Umeona? Wale walikaa darasani ana kwa ana na bado haikutosha. Na waliosaidika zaidi, sehemu ya msaada wao ilipitia kwa simu. Kwa hivyo yule mama wa kituo alikuwa sahihi kuliko nilivyojua. Shida ya cheti changu haikuwa simu. Kwa siku 19 nilitazama video, nikabonyeza A, B au C, na hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kunisikia nikifungua mdomo.

Nirudi nyumbani sasa. Historia ya Kenya kwa hili jambo ni fupi na inauma. Kwa muda mrefu jibu letu kwa uraibu lilikuwa askari au wodi. Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910 chini ya mkoloni. Chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria mwaka wa 1980, na watu wakaendelea kuinywa gizani mpaka sheria ya 2010 ikabadilisha mkondo. Unga ulianza kutawanyika Pwani miaka ya 1980: Mombasa, Malindi, Lamu. Serikali haikuwa na washauri. Watu wa Pwani wenyewe walianza, kama Omari Project ya Malindi katikati ya miaka ya 1990. NACADA ikaundwa mwaka wa 2001, ikapata sheria yake yenyewe mwaka wa 2012. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ikaja mwaka wa 2014. Na Desemba ya mwaka huohuo methadoni ikaanza kutolewa Mathari, kisha ikaja huku kwetu Pwani mwaka wa 2015. Hesabu mwenyewe: kutoka unga kufika mpaka kikombe cha kaka yangu, ni karibu miaka 30.

Bahari ileile iliyoleta unga ndiyo ilileta nyaya za intaneti. Tusiache moja tu ifanye kazi.

Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na njia yao. Huko kuna nyumba ambapo waliopona wanaishi pamoja na wanaojaribu kupona, wanaziita soba hausi, na zilianza mwaka wa 2009 hivi, zikipata msaada wa kundi la waliopona kutoka Detroit. Jambo la kuchekesha ni kwamba daktari wa Philadelphia, Benjamin Rush, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani, alipendekeza nyumba za jina hilohilo mwaka wa 1810. Wazo lilizunguka miaka 200 likafika Unguja. Na lilifika na watu, waliokuja, wakakaa, wakafundisha.

Kulingana na utafiti wa NACADA wa 2022, karibu Mkenya 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo au dawa moja. Washauri tulionao hawatoshi, na wengi wako mijini. Kijana wa Kwale au Wajir anayetaka kusomea hii kazi, ukimwambia lazima ahamie Nairobi alipe nyumba na karo, umemwambia asisome. Kwa hivyo mimi natetea kusoma mtandaoni, na nitaitetea mbele ya yeyote. Ninachopinga ni ule uongo kwamba kusoma ni kutazama tu.

Kwa hivyo kabla hujatuma hata shilingi moja ya mtu, uliza haya. Hiyo taasisi inatambuliwa na nani: CUE kama ni chuo kikuu, TVETA kama ni diploma au cheti cha ufundi? Bodi ya washauri itakubali kukusajili ukimaliza? Kozi inafuata mtaala unaojulikana, kama ule wa kimataifa wa tiba ya uraibu uliotengenezwa kupitia Colombo Plan, ambao NACADA wanautumia kufunza watu? Na lile swali la yule mama: nani atanisikiliza, kwa masaa mangapi, na ana ruhusa ya kuniambia nimekosea? Wakijibu la mwisho kwa kigugumizi, funga ukurasa, nunua unga wa ugali.

Mimi nimeanza upya. Nafanya diploma, nadharia yote ni ya mtandaoni, jioni baada ya kazi, bando la usiku. Lakini siku mbili kwa wiki niko kwa kituo kwa atachimenti, na msimamizi wangu ni yule mama. Wiki ya tatu alinisikiliza nikiongea na kijana wa rika langu, aliyekuwa ameteleza baada ya miezi minne. Nilimpa ushauri mzuri sana, dakika 20, na mifano. Tulipotoka, mama akaniuliza, "Yeye amesema nini?" Nikafikiria. Sikukumbuka hata neno moja lake.

Hakuna video ingenionyesha hilo. Hata kuishi na kaka yangu miaka yote hiyo hakukunionyesha, labda ndiko kulikonizuia kuona. Nilikuwa naongea na kaka yangu, si na yule kijana.

Jioni nikamwambia kaka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Bro, miaka tisa hukuwahi kuniuliza unga ulikuwa unanisaidia nini. Wote mlinieleza tu unaniharibu vipi. Mimi nilikuwa najua."

Nikamuuliza. Tulikaa barazani mpaka adhana ya alfajiri, mimi nikiwa nimenyamaza muda mwingi. Kisha akaoga, akaenda kliniki kunywa kikombe chake.

Cheti cha dhahabu bado kiko kwa droo. Mama amekataa kukitupa, anasema kimegharimu pesa ya chama. Pesa yake nitamrudishia. Na kama kuna mtu nyumbani kwenu anahitaji kuongea leo, usingoje nimalize diploma: 1192 ya NACADA ni ya bure.